Dawa ya kuzuia kutapika ni sehemu ya tiba ya saratani ya mfupa

Wengi wanaomuuguza kijana mwenye saratani ya mfupa huambiwa mapema sana, mara nyingi na jirani kabla hata ya daktari, kwamba kutapika ni jambo la kawaida na kwamba mgonjwa akitapika ndiyo ishara ya dawa kufanya kazi. Kauli hiyo nimeisikia kwenye foleni ya maabara, kwenye matatu ya kwenda hospitali ya Mulago, na katika kambi ya polisi hapa Kampala ambako nililelewa na ambako Kiswahili ndicho lugha ya kila mlango. Haina ukweli. Dawa za tibakemikali huua seli za uvimbe kwa njia moja na huamsha matapishi kwa njia nyingine kabisa, na kijana aliyekingwa vizuri akamaliza siku zake bila kutapika hata mara moja amepata faida ileile aliyoipata mwenzake aliyetapika hadi nyongo. Naandika kwa ajili ya wazazi, mashangazi, kaka wakubwa na yeyote aliyeachiwa kazi ya kulala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa sababu naona dawa ya kuzuia kutapika inachukuliwa kuwa kitu cha ziada, cha kununua pesa zikibaki, ilhali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Nimemuuguza mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, aliyegunduliwa kuwa na osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa, juu kidogo ya goti akiwa kidato cha tatu. Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana walio katika miaka ya kurefuka haraka, na hupenda mifupa mirefu iliyo karibu na goti au bega. Ndiyo maana maumivu ya mwanzo husingiziwa mpira wa shule au kuanguka kutoka kwenye boda boda, na miezi hupotea kwa kukandwa na kufungwa dawa za miti. Tiba iliyozoeleka duniani huanza na tibakemikali, hufuatiwa na upasuaji, kisha tibakemikali tena. Dawa zake kuu ni sisplatini, doksorubisini na methotreksati ya dozi kubwa, na mahali ambapo kiwango cha methotreksati hakiwezi kupimwa kwenye damu kwa uhakika, madaktari wengi hutegemea hizo mbili za kwanza. Katika orodha ya dawa zinazotapisha, sisplatini iko juu kabisa: bila kinga yoyote, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hutapika. Wenye sakoma ya Ewing, ambayo pia huanzia mara nyingi kwenye mfupa, hupewa dawa nyingine kama ifosfamidi na siklofosfamidi pamoja na doksorubisini, nazo si za kubezwa.

Inafaa kuelewa kinachotokea mwilini, kwa maana ukikielewa utajua kwa nini saa ya kumeza kidonge ina uzito kuliko kidonge chenyewe. Sisplatini inapoingia kwenye damu huziumiza seli fulani za utumbo mwembamba, nazo huachilia kemikali iitwayo serotonini. Serotonini hugusa ncha za mshipa wa fahamu unaopanda kutoka tumboni hadi kwenye ubongo, na ubongo huamrisha kutapika kama vile mgonjwa amekula sumu. Wimbi hilo la kwanza huja ndani ya saa 24. Ondansetroni na ndugu yake granisetroni huziba mahali ambapo serotonini ingegusa, na kwa hiyo ni lazima ziwe zimekwisha kufika kabla serotonini haijaachiliwa. Kwa kawaida ondansetroni hutolewa nusu saa hivi kabla ya dripu ya tibakemikali. Ukisubiri mpaka kijana aanze kujikunja juu ya beseni ndipo umwite sista, dawa itasaidia kidogo tu, kwani mlango umekwisha kufunguliwa.

Wimbi la pili ndilo linalotuvunja sisi wauguzaji. Huja baada ya saa 24, hupanda siku ya pili na ya tatu, na kwa sisplatini laweza kuendelea hadi siku ya tano. Hili haliendeshwi sana na serotonini bali na kemikali nyingine ya mwili, dutu P, inayofanya kazi ndani ya ubongo wenyewe, na ndiyo sababu ondansetroni peke yake, hata ikiongezwa dozi, mara nyingi hushindwa kulizuia. Sasa tazama wakati linapokuja. Mgonjwa ameruhusiwa, amepanda basi la usiku kurudi Arua, Gulu au Kasese, au amelala kwa jamaa huko Bwaise, na mfuko wake wa dawa una vidonge vya siku moja au hauna kitu. Hospitalini alionekana mzima, akaagana na wauguzi akicheka. Nyumbani anatapika siku tatu, na hakuna mtu wa wodini anayeshuhudia, hivyo kwenye faili huandikwa kwamba alivumilia dawa vizuri.

Kwa mpwa wangu ilikuwa hivyo hasa katika mzunguko wa kwanza wa tibakemikali. Dalili zake nilizijua kabla hajasema neno: midomo ilipauka, jasho jembamba likatoka juu ya mdomo, akaanza kumeza mate mfululizo, kisha akasema, "Shangazi, moyo unanichafuka," na hapo nilikuwa na nafasi ya kuvuta beseni tu. Kilichomtesa zaidi hakikuwa kutapika bali zile saa ndefu za kichefuchefu kisichotoka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tunahesabu matapishi na kusahau kichefuchefu, na kijana ambaye hajatapika lakini amegeuzia uso ukutani na hataki hata maji anastahili dawa sawa na anayetapika. Kwa watoto wadogo wasioweza kueleza, kuna kipimo cha picha za nyuso sita, kuanzia uso uliotulia wenye alama 0 hadi uso unaotapika wenye alama 10, nao huonyesha kwa kidole tu. Kingefaa kubandikwa kwenye kila ukuta wa wodi ya watoto.

Miongozo ya kitaalamu ya watoto inapendekeza, kwa dawa zenye nguvu ya kutapisha kama sisplatini, kinga ya dawa tatu kwa pamoja, yaani ondansetroni au granisetroni, deksamethasoni, na aprepitanti. Ondansetroni sasa hutengenezwa na viwanda vingi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hupatikana katika maduka mengi ya dawa mijini. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa uzito, takribani miligramu 0.15 kwa kila kilo, kwa hiyo kijana wa kilo 40 hupata kama miligramu 6 kwa mara moja. Deksamethasoni ni ya bei nafuu na ina nguvu kubwa katika mawimbi yote mawili, ingawa humnyima mtu usingizi na kupandisha sukari, na ni vema imezwe asubuhi badala ya jioni. Wapo madaktari wanaojizuia kuitumia kwa baadhi ya wagonjwa kwa sababu ni steroidi, na hilo ni la kuwauliza wao, si la kuamua nyumbani. Aprepitanti ndiyo inayoziba njia ya dutu P. Humezwa saa moja hivi kabla ya tibakemikali, na kwa vijana wenye miaka 12 na zaidi dozi iliyozoeleka ni miligramu 125 siku ya kwanza, kisha miligramu 80 siku ya pili na ya tatu. Ni ya gharama, haipatikani kila mahali, na inahitaji uangalifu: hupandisha kiwango cha deksamethasoni mwilini, hivyo dozi ya deksamethasoni hupunguzwa kama nusu, na madaktari huwa waangalifu kuitoa pamoja na ifosfamidi.

Familia ikiwa na pesa kidogo ya kuongeza juu ya kile ambacho hospitali imetoa, mimi ningeipeleka kwenye dawa za siku ya pili hadi ya nne kabla ya kununua vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ambavyo kila mgeni huja navyo. Waambie ndugu hivyo wanapouliza walete nini. Aprepitanti isipopatikana, ondansetroni na deksamethasoni zikitolewa kwa ratiba, hata mgonjwa anapojisikia vizuri, huwapunguzia wengi mateso. Na ikishindikana kabisa ipo olanzapini, dawa iliyoanza kama ya magonjwa ya akili na ambayo sasa hutumiwa pia kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika licha ya kinga. Hutolewa kwa dozi ndogo usiku, kwa kuwa humlaza mtu. Usiogope ukisoma karatasi ya ndani ya boksi na kuona inazungumzia magonjwa ya akili. Mueleze pia bibi wa nyumbani asije akafikiri mjukuu wake amerukwa na akili.

Dawa ambayo lazima niizungumzie kwa kirefu kidogo ni metoklopramidi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono yetu. Kila kliniki ya mtaani inayo. Siku ya tatu ya mzunguko wa kwanza, vidonge vilipokwisha, tulimpeleka mpwa wangu kwenye kliniki moja ya jirani, akachomwa sindano ya metoklopramidi. Usiku ule shingo yake iligeuka upande mmoja ikakaza, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, na ulimi ukawa unatoka bila yeye kutaka. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Shemeji yangu alianza kusoma dua akidhani ni pepo, na mtu mwingine akataka kumtia kijiko mdomoni akidhani ni kifafa. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa kambini, muuguzi mstaafu, aliyetazama mara moja akauliza, "Huyu kapewa dawa gani ya kutapika?" Tulimkimbiza hospitali, akachomwa dawa ya jamii ya zile za mzio, na baada ya muda mfupi misuli ikalegea.

Madhara hayo yanajulikana vizuri, huwapata watoto na vijana zaidi ya watu wazima, na yakitambuliwa hutibika. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipunguza matumizi ya metoklopramidi: isitolewe kabisa kwa walio chini ya mwaka 1, kwa watoto wakubwa iwe chaguo la pili la kutapika kunakochelewa baada ya tibakemikali, na isizidi siku 5. Sisemi haifai kamwe. Nasema mhudumu wa kliniki aambiwe kwamba mgonjwa ana saratani na yuko kwenye tibakemikali, aonyeshwe karatasi ya dawa alizokwisha kupewa, na kama metoklopramidi ndiyo pekee iliyopo, familia ijue shingo ikikaza wafanye nini na waende wapi.

Kuna sababu nyingine ya kutochukulia kutapika kama usumbufu tu. Sisplatini huharibu figo, na kinga ya figo ni maji. Ndiyo maana dripu hutangulia na kufuata dawa hiyo kwa saa nyingi, mara nyingi ikiwa imetiwa magnesiamu. Kijana anayerudi nyumbani akatapika kila anachokunywa anazikausha figo zake katika siku zile zile ambazo zinahitaji maji kuliko wakati wowote. Kwa methotreksati ya dozi kubwa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mkojo ukipungua au ukiwa na asidi, dawa hiyo huganda ndani ya figo na kukaa mwilini. Wagonjwa wake hupewa leukovorini kwa saa zilizopangwa ili kuziokoa seli zenye afya. Mtoto akitapika kidonge cha leukovorini, hiyo si habari ya kumwambia daktari kesho asubuhi. Mwamshe sista saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa ya usiku na hata kama ameonyesha kuchoka, mwonyeshe matapishi yenyewe ikiwezekana, na usiondoke hadi amejibu kama dozi itarudiwa au itatolewa kwa mshipa.

Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago ilianzishwa mwaka 1967, na kazi yake ya awali juu ya uvimbe wa taya wa watoto ilichangia kuionyesha dunia kwamba saratani fulani zinaweza kupona kwa dawa peke yake. Ondansetroni haikuwapo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1991 tu, kwa hiyo watoto wa kizazi hicho walipita katika dawa hizo kali bila kinga tunayoizungumzia hapa. Huwa nawafikiria ninapomsikia mtu mzima akimwambia kijana avumilie kwa sababu zamani watu walivumilia. Wale hawakuwa na chaguo, na hawa wanalo.

Kutapika kusipozuiwa mapema huzaa aina ya tatu, ambayo hakuna kidonge kinachoitibu vizuri. Kufikia mzunguko uliofuata mpwa wangu alianza kutapika matatu ilipokaribia lango la hospitali, kabla hajachomwa kitu chochote. Doksorubisini ni dawa nyekundu, hata mkojo huwa mwekundu baada yake, na kwa muda mrefu hakuweza kutazama soda nyekundu wala kuvumilia harufu ya spiriti ya kupangusia mkono. Huo si woga wa kitoto na hautoki kwa kukaripiwa. Mwili umejifunza. Dawa za kutuliza kama lorazepamu zinaweza kusaidia zikitolewa usiku wa kuamkia na asubuhi yenyewe, na vilevile kubadilisha vitu vidogo: tulimfunika begani kwa kanga yenye harufu ya sabuni ya nyumbani, sista alikubali kuufunika mfuko wa dawa kwa kitambaa, na binamu yake akawa anamsomea habari za ligi kuu ya Uingereza muda wote wa kutafuta mshipa. Lakini kinga ya kweli ya aina hii ni kuzuia matapishi ya mzunguko wa kwanza kabisa, kabla mwili haujajifunza.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu tangawizi, na jibu langu linawashangaza wengi, kwani upo utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa aina hii hasa. Watafiti wa New Delhi, India, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watoto na vijana wenye sakoma ya mfupa waliokuwa wakipewa sisplatini na doksorubisini. Mizunguko 60 ya tibakemikali iligawanywa kwa kura, nusu ikipata vidonge vya unga wa tangawizi na nusu vidonge vitupu, na wote wakiendelea na ondansetroni na deksamethasoni. Kichefuchefu cha kadiri hadi kikali katika siku za mwanzo kilionekana katika asilimia 93 hivi ya mizunguko isiyo na tangawizi, dhidi ya asilimia 56 hivi ya iliyokuwa nayo. Utafiti ni mdogo, na neno la kushika ndani yake ni kwamba tangawizi iliongezwa juu ya dawa. Anayemwachisha mtoto ondansetroni ili ampe chai ya tangawizi hakuufuata. Daktari naye aambiwe, hasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinapokuwa chini, kwa kuwa tangawizi inashukiwa kuongeza uwezekano wa kutokwa na damu.

Juu ya chakula sitasema mengi. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto, mukene (dagaa) na vitu vya kukaanga viandaliwe mbali na alipolala, uji mwepesi wa mtama kwa vijiko vichache kila baada ya muda hukaa tumboni kuliko sahani ya matoke, na asilazimishwe kula chakula anachokipenda siku za dawa, maana anaweza kukichukia kwa miaka.

Ondansetroni hufunga choo, na mgonjwa wa mfupa mara nyingi yuko pia kwenye mofini, dawa ya maumivu inayofunga choo vilevile, hivyo tumbo lililojaa kwa siku nyingi linaweza lenyewe kuwa chanzo cha kutapika. Omba dawa ya kulainisha mapema. Ondansetroni inaweza pia kugusa mapigo ya moyo, na sisplatini pamoja na matapishi hushusha magnesiamu na potasiamu, kwa hiyo vipimo hivyo vya damu si vya kurukwa. Sisi tuliweka daftari la shule ambamo tuliandika saa ya kila kidonge, saa ya kila tapishi, alichokunywa na mara alizokojoa. Daktari aliyesoma daftari hilo kabla ya mzunguko uliofuata ndiye aliyeongeza aprepitanti na olanzapini ya usiku, na tofauti ilikuwa kubwa: siku ya tatu kijana aliomba chapati. Mpango ule uliomfaa tuliomba uandikwe wazi ndani ya faili, kwani baada ya upasuaji tibakemikali hurudi, na huenda anayempokea siku hiyo akawa daktari mwingine.

Kabla hujaondoka wodini, hakikisha una dawa za kufikisha angalau siku ya nne mkononi, si karatasi ya kwenda kuzitafuta, na namba ya simu ya wodi. Akitapika kidonge ndani ya nusu saa baada ya kukimeza, piga uulize kama kirudiwe. Akishindwa kuweka maji tumboni kutwa nzima, akikaa saa 8 bila kukojoa, akitapika damu, akichanganyikiwa, au joto likifika nyuzi 38, usingoje asubuhi wala usimpeleke kliniki ya mtaani kwanza. Mrudishe hospitali ilikotoka tibakemikali, na daftari mkononi.